Picha Aliyoniomba Mama Yako

Zuhura,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungelisoma usoni pangu kabla sijakaa. Ungesema, "Kande, leo umechoka," nami ningekataa. Leo sikatai. Ni Jumapili mchana, nimetoka ibadani, nimevua viatu, na sijapata nguvu hata ya kubandika maji ya chai. Ila jana nilimpelekea mama yako picha yako, na nisipokuandikia leo najua sitaandika tena.

Tangu ututoke ni mwaka na miezi. Baba yako bado ananyoosha bodi za magari pale pale Ngarenaro, ingawa magari ya kutoka Japani yamezidi mpaka yanapangwa nje ya uzio. Mimi nimepata kazi Njiro, kwenye shule mpya ya kulipia, ya Kiingereza. Nafundisha sanaa darasa la kwanza mpaka la saba, peke yangu. Ungeniona na bunda la manila kwapani, chaki mpaka kwenye nyusi, ungecheka mpaka ushike mbavu. Jioni nikirudi mkono hautaki kushika kijiko, sembuse penseli.

Lile gari nalikumbuka kuliko siku nyingi za maisha yangu. Tulikuwa darasa la sita. Baba yako aling'oa viti vya gari lililokuwa limetoka tu Japani, akakuta chini yake kitabu kinene cha katuni, karatasi zake laini kama za gazeti. Akakurushia, "Chukua, mimi hapo sioni pa kusoma." Tukakaa juu ya tairi. Mimi nikafungua, nikawa sielewi kitu. Mtu anaanguka kabla hajapigwa, msichana analia kwanza halafu ndiyo barua inafika. Wewe ukacheka. "Kande, umeanzia mwisho. Geuza. Kinasomwa kama juzuu."

Mimi Mlutheri wa kutoka Machame ningejuaje? Wewe ulikuwa madrasa kila jioni, jicho lako lilishazoea kuanzia kulia. Hatukujua neno hata moja la mle ndani, lakini kabla ya adhana ya magharibi tulishajua nani anampenda nani, na nani amefiwa.

Tulikuwa tunaita michoro ile "Wajapani", basi. Televisheni zilipoanza kuingia mtaani tukawaona Wajapani wetu wanatembea na kuruka, nywele zinapepea ndani ya nyumba isiyo na upepo. Juzi juzi tu, kwenye duka la intaneti mjini, nimejua kwamba katuni zile za kutembea watu wanaziita anime. Nikageukia kiti cha pembeni nikuambie. Alikuwa amekaa baba mmoja na kofia yake.

Na Jumamosi zetu kwa Mwalimu Kaaya. Nani mwingine mjini hapa angefundisha watoto kuchora bure kwenye ukumbi wa kanisa, mradi tu uje na penseli? Aliweka birika mezani, au mkungu wa ndizi kutoka kwake Tengeru, akasema, "Choreni mnachokiona." Wewe birika ulilichora vizuri kutushinda wote. Halafu pembeni yake unaweka msichana mwenye macho kama visosi. Siku moja akasimama nyuma yako.

"Zuhura, macho haya umeyaona wapi Arusha hii?"

"Sijayaona, mwalimu. Ndiyo maana nayachora."

Ukumbi mzima tukaacha kuchora. Tukangoja akutoe nje. Akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake kati ya viti. Alipofika kwangu alichukua karatasi yangu, akaitazama, akanirudishia. "Aikande, hii ni ya Zuhura." Nami nilifurahi! Nilidhani nimesifiwa. Nikaja nayo njia nzima nimeishika kwa mbele ili watu waione.

Kisha ile Julai yetu ya mwisho. Ulizaliwa na ugonjwa wa sikoseli, na kila mwaka ukungu wa Meru ukishuka na kukaa siku nne, tano, mifupa yako ilijua kabla ya mtu yeyote. Ulichorea kitandani, mablanketi mawili, kanga ya mama yako kichwani. Mimi nilikuwa nakusanya kazi zangu nipeleke Njiro kuomba ile nafasi. Nikakuletea uzitazame kwanza. Ukazipitia polepole, moja moja. Ulikuwa na maumivu, sasa najua, lakini siku ile sikutaka kujua. Ukasema, "Kande, mimi naiga Wajapani. Wewe unaniiga mimi. Siku nikiondoka utamwiga nani?"

Nikakusanya karatasi zangu. Sikukuaga hata.

Wiki tatu, Zuhura. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenu ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, na nilikaa wiki tatu. Mama yangu akiuliza, namwambia nina shughuli. Nikasikia umelazwa. Nilipofika wodini jioni ulikuwa umelala, mdomo wazi kidogo. Mama yako akaweka kidole midomoni. "Ndiyo kwanza amepata usingizi, mwanangu. Usimwamshe." Nikakaa mpaka walipotutoa. Neno moja tu nilikuwa nimekuja nalo, nimelirudia njia nzima. Nikaondoka nalo. Kesho yake, saa mbili asubuhi, baba yako alikuja mwenyewe mlangoni kwetu, akasimama pale bila kubisha hodi, ameshika kofia.  

Kazi niliipata kwa karatasi zile zile ulizozisema. Hilo nalo linanichosha.

Watoto wa Njiro wana televisheni sebuleni. Naweka birika mezani, wananichorea wasichana wenye macho makubwa, wote wa mama mmoja. Siku moja nilijisikia nikisema, "Haya macho mmeyaona wapi?" Kwa sauti ya Mwalimu Kaaya kabisa. Nikatoka nje ya darasa nikajifanya napenga kamasi.

Mwezi uliopita mama yako aliniita. Ile picha yako ya kitambulisho cha shule, ya pekee waliyobaki nayo, imeharibika. Masika bati lilivuja juu ya kabati, na pale palipokuwa na uso pamebaki doa la kahawia. Hakulia. Alisema, "Wewe ndiye uliyekaa naye na penseli miaka yote. Nichoree mwanangu. Sitaitundika, baba yake hapendi sura ukutani. Ni ya kutazama mwenyewe."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nilidhani ni kazi ya siku moja.

Nilichora kila jioni. Kila ukitokea, hutokei wewe, anatokea Mjapani. Kidevu kama ncha ya embe, nywele zinaruka, macho yanang'aa. Wewe nywele zako ulizisuka mabutu na hazikuwahi kuruka popote. Nikafuta, nikaanza upya, nikafuta. Nikaogopa, kweli nikaogopa, kwamba nimekusahau. Miaka yote nilikuwa natazama mkono wako unachofanya, na uso wako sikuutazama.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikaenda Tengeru kwa Mwalimu Kaaya. Amestaafu, analima ndizi na kahawa kidogo, sikio moja limekuwa zito. "Shikamoo, mwalimu," mara tatu ndipo akaitikia. Akazitandaza karatasi zangu zote kwenye benchi la uani, akazizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Zote hizi ni za Zuhura," akasema. "Yeye mwenyewe hayumo."

Nikalia pale pale, mwanamke mzima, mwalimu wa watu. Akaniacha nimalize. Halafu akaniambia, "Usianze na uso. Alikuwa anakaaje?"

Ulikuwa unakaaje? Bega la kushoto juu, kwa sababu ndilo lililokuwa likikuuma. Nikachora bega. Kanga. Ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo. Kidole cha kati cheusi kwa penseli, na kucha uliyoitafuna. Nilipofika hapo nikajua nitakupata, maana mkono ulianza kwenda wenyewe. Nikabakiza macho. Nikaweka penseli chini.

Mwalimu akauliza kuna nini. Ndipo nikamwambia ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Kwamba kule shuleni walikuita Manjano, kwa ajili ya macho yako yaliyotiwa njano na ugonjwa. Kwamba kila ulipochora msichana ulikuwa unasugua raba ndani ya macho yake mpaka karatasi inabaki utando, na siku moja nilikuuliza kwa nini unamaliza raba bure. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Nataka yawe meupe, Kande. Walau haya."

Mwalimu Kaaya alivua miwani. Akaifuta kwa shati, muda mrefu. "Na mimi miaka yote nikidhani ni televisheni," akasema. "Nilimuuliza vibaya yule mtoto."

Sasa nibebe lawama yangu yote kwa mara moja. Nilirudi nyumbani nikachukua rangi ya njano nikaitia kwenye macho yako. Kidogo, kwenye pembe, kama yalivyokuwa asubuhi za baridi. Najua ungenikasirikia. Ungeninyang'anya karatasi. Lakini meupe hayakuwa yako, Zuhura, na mama yako aliniomba nimchoree mwanawe. Macho yenyewe nilipoyamaliza yalikuwa makubwa, na sikuyakuza. Ulikuwa na macho makubwa kweli. Tulikaa pamoja miaka kumi, nami nikadhani macho makubwa yapo Japani tu.

Nikaitazama picha ile. Haikuwa ya kitabu cha chini ya kiti, wala sikuuona mkono wako ndani yake. Mistari yake mizito, imekaa kama imechoka, haina makeke. Sijui ni mkono wa nani. Nadhani ni wangu.

Jana nikampelekea. Mama yako aliketi mkekani, akaifungua mapajani. Nilitamani kukimbia. Alipitisha kidole juu ya bega, bila kugusa, akashuka kwenye mkono, akapanda. Alipofika machoni akasimama hapo, nami nikaanza kusema, "Mama, nisamehe, hiyo rangi naweza..."

Akanishika goti ninyamaze.

"Wote waliokuja msibani walinisifia uzuri wake," akasema. "Macho yake hakuna aliyeyataja. Kama vile sikumzaa nayo." Halafu akasema, "Ndiye."

Baba yako alikuwa mlangoni, mikono imejaa rangi ya gari. Akachungulia mara moja. Akaondoka haraka, na hatukusikia nyundo yake mpaka naondoka. Mama yako akaikunjia picha ndani ya kanga, akaiweka sandukuni, akanipakulia wali. Nikala wote. Nilikuwa na njaa ya muda mrefu, kumbe.

Lile neno nililotoka nalo wodini ni nisamehe. Nisamehe kwa wiki tatu. Ulisema kweli, na ukweli ulinikuta mdogo. Nikisema hapa halikufikii, najua. Imani yako na yangu zote zinaniambia nimwombe Mungu, nisiandikie wafu. Namwomba pia. Lakini wewe ndiye niliyekukosea, basi nimeona nikuandikie wewe.

Maji ya chai bado sijabandika. Kesho saa mbili nina darasa la nne, watoto arobaini na birika moja. Nakuahidi hili, na si kubwa: yeyote atakayenichorea macho makubwa sitamuuliza ameyaona wapi. Nitavuta kiti nikae karibu yake, hata kama nimechoka namna hii, nimuulize ni ya nani. Na nitangoja anijibu.

Lala salama, rafiki yangu. Mungu akulaze mahali pasipo baridi.

Ni mimi,
Aikande wako, Kande