Baba Kulwa, Nimejifunza Kusimama Juu ya Maji

Mpendwa Baba Kulwa,

Sikuulizi hali, maana huko uliko nadhani watu hawaugui. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua, na nimekukasirikia. Nimeona nikuandikie leo kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kukusamehe kama kawaida yangu, na safari hii sitaki.

Kisa ni mdogo wako Masanja. Amemnyang'anya Nkwimba baiskeli. Huyu Nkwimba ni yule binti wa Kulwa wetu uliyemwacha mdogo, anakulilia umpe makoko ya ugali. Anakaa nami hapa Segese tangu baba yake apate kazi mgodini Geita, na sasa yuko kidato cha pili. Shule ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kwenda tu. Shangazi yake Doto akamnunulia baiskeli. Mtoto ameiendesha wiki mbili, Masanja akaja, akaikokota hadi kwake, akaifungia ghalani pamoja na plau na magunia ya mpunga. Akasema: "Katika mji wa kaka yangu mwanamke hapandi baiskeli. Kaka aliacha neno."

Yaani wewe. Una miaka kumi na moja kaburini na bado unawateremsha watu kwenye baiskeli.

Masanja hakuthubutu kufanya hayo nikiwepo. Alingoja nisafiri. Na hiyo safari ndiyo nataka kukusimulia kwanza, kwa sababu bila hiyo hutaelewa hasira hii imeanzia wapi.

Doto wetu anafanya kazi kwenye meli ya watalii, sehemu ya kufulia mashuka. Usifikirie meli ya Mwanza kwenda Bukoba. Hii ukiileta hapa Segese, soko lote na stendi vinaingia ndani na nafasi inabaki. Mfanyakazi akikaa miaka kadhaa wanamruhusu kumleta mzazi wake asafiri naye wiki moja, na Doto akaniita mimi. Nikapanda ndege Mwanza, nikabadilisha mara mbili, meli tukaipandia Hispania. Usiniulize Hispania ikoje, niliiona kwa dirisha la basi.

Siku ya pili Doto alikuwa zamu, nikazunguka peke yangu. Juu kabisa, nyuma ya meli, nikakuta mteremko mpana wa bluu, maji yanapita juu yake kwa kasi, na watu wamepanga foleni miguu peku. Baba Kulwa, nilifurahi. Nikajua nimefika mwaloni, kama pale kwetu pa kuoshea dhahabu. Mtu aliyemaliza ujana wake akiosha mchanga wa dhahabu, akiona ubao wa mteremko na maji yanapita juu yake, macho yanatafuta magunia yanayotandikwa kunasa dhahabu. Nikayatafuta, sikuyaona. Nikatafuta mchanga, hakuna. Halafu nikaona maji yenyewe yanapanda badala ya kushuka, pampu inayasukuma kutoka chini kwenda juu. Nikasema moyoni, wataalamu gani hawa, dhahabu yote itamwagikia huko nyuma. Nikaingia kwenye foleni ili nikawaambie. Niwaambie kwa lugha gani, hilo sikulifikiria.

Nilipofika mbele, binti mmoja mwenye fulana nyekundu akanipa karatasi nitie sahihi, kisha akanipa ubao mfupi. Alikuwa mwalimu, anaitwa Luana, kwao Brazili. Kwa ishara akanielewesha kwamba huo ni mchezo na hilo ni somo. Unalala au unasimama juu ya ubao, maji yanapita chini yako kwa nguvu kama mto wa masika, na wewe unabaki palepale. Watu wazima, wengine wenye mvi kunizidi, wanafundishwa kusimama juu ya maji, na wakianguka wanapigiwa makofi.

Nilitaka kuondoka. Lakini nyuma yangu alikuwepo mzee wa Kizungu mwenye bandeji gotini, akaniinulia kidole gumba, nikaona aibu kurudi nyuma. Nikavua dera, ndani nilikuwa na fulana na suruali ya kubana ya Doto kwa ajili ya baridi, nikalala kifudifudi juu ya ubao. Maji yakanibeba mpaka kileleni yakanitupa huko kama gunia la pumba. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikarudi kwenye foleni.

Kesho yake tukiwa tunakunywa chai, ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu ya Doto. Alikuwa Nkwimba. "Shikamoo shangazi. Shikamoo bibi. Babu Masanja amechukua baiskeli, anasema babu alikataza. Leo nimefika shule kipindi cha pili, nikasimamishwa nje." Kuku wakasikika nyuma yake. "Bibi, eti ni kweli babu alikataza?"

Doto akanisogezea simu. "Mama, mjibu."

"Nitamjibu nikirudi," nikasema. Chai ikanishinda.

Ningemjibu nini? Ulikataza. Unakumbuka? Ulikuwa mwaka wa kwanza nimeolewa, bado unaniita Kabula. Duara lenu, lile shimo la kuchimba, lilikuwa limetema dhahabu kwa mara ya kwanza, ukanunua ile baiskeli nyeusi ya Kichina. Siku hiyo uliingia shimoni asubuhi, nikaitoa uwanjani nikaipanda. Mama yako alikuwa anapepeta mtama, akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Mzunguko wa kwanza nilikwenda upande upande. Wa pili nikagonga kihenge. Wa tatu nikawa siyumbi, na upepo unaingia kwenye mikono ya gauni, na nilikuwa naanza kuimba ulipotokea kwenye kona ya nyumba, umejaa vumbi hadi kope.

"Shuka, Kabula."

"Mbona nimeshajua?"

"Shuka. Baiskeli inaharibu kizazi. Na watu waseme nini, mke wangu amepanua miguu barabarani?"

Nikashuka. Hukunipiga, hukupandisha sauti, ulisema tu kama mtu anayesema mvua inakuja. Masanja alikuwa amekaa hapohapo ananoa panga. Alisikia kila neno, na kumbe alilitunza.

Kuanzia siku ile nimetembea. Nimetembea kwenda mwaloni na karai kichwani, nimetembea kwenda kisimani, nimetembea na mapacha wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na wewe unanipita barabarani unapiga kengele ili nikupishe. Nisidanganye, siku nyingine nilikuwa malkia. Ulikuwa unanipakia kwenye keria, nimekaa upande, tunakwenda Kahama kumsalimia dada yangu pale Nyasubi. Mgongo wako ulinukia vumbi la mawe na sabuni ya kipande, na njia nzima ulikuwa unanitania kwamba nimenenepa, matairi yanalia. Nilikupenda kwenye ile keria. Lakini hata gunia la pamba lilipanda palepale.

Somo la tatu Doto alitoka zamu akaja kunitafsiria. Luana alinishika mikono yote miwili, akanisimamisha juu ya ubao, maji yananguruma. "Kunja magoti, mama. Usitazame miguu, tazama mbele." Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili. Nikasimama. Sijui kukuambia nilisimama muda gani, ila ulitosha kuvuta pumzi na kuitoa, na kuvuta tena. Mwili ukawa unajipima wenyewe, kulia kidogo, kushoto kidogo, bila kuniuliza. Nikaitambua hali hiyo. Ilikuwa ileile ya mzunguko wa tatu.

Niliposhuka Luana akamuuliza Doto kitu. Doto akacheka: "Anauliza kama umezoea kuendesha baiskeli. Anasema wanaojua baiskeli hawasumbui."

"Mwambie mizunguko mitatu," nikasema.

Nikaenda kukaa kwenye benchi na taulo langu, nikalia. Doto alidhani nimeumia. Nilikuwa nalia hasira, Baba Kulwa. Hawa watu wamechukua bahari wakaipandisha ghorofani, wakaiwekea pampu na mwalimu na bandeji, ili bibi wa watu aambiwe kwamba anaweza kusimama bila kushikwa. Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua nina miaka kumi na tisa, uwanjani kwangu, bila mwalimu. Kizazi changu hakikuharibika, kikatoa watoto wawili kwa mpigo. Nimetembea zaidi ya miaka thelathini juu ya kitu ulichokizua papo hapo kwa sababu uliogopa kuchekwa.

Na bado hilo si lililonitoa machozi. Lililonitoa machozi ni ile siku ya kwenda kituo cha afya.

Kifua kilikuwa kimekubana, vumbi la duarani limekumaliza, huwezi kutembea hatua kumi. Kulwa alikuwa Geita, Masanja yuko mbugani na ng'ombe. Nikakukalisha kwenye keria, nikakufunga kwa kitenge kwenye tandiko usianguke, nikaikokota baiskeli kwa miguu. Jua lilikuwa kali. Kila penye mchanga gurudumu linazama na mimi nasukuma kwa kiuno. Tulipovuka korongo nikasimama kupumua, ukasema taratibu, maana sauti ilikuwa imeisha: "Mama Kulwa, ungekuwa unaendesha tungeshafika."

Nikakaza fundo la kitenge. Ukasema tena: "Kosa langu. Wasichana wa Kulwa waache wapande."

Mimi nikakuambia: "Nyamaza, usijichoshe." Hilo ndilo nililokuambia, mjinga mimi. Mume wangu anatengua neno lake mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake, na mimi namnyamazisha.

Lakini uliishi miezi minne baada ya pale. Minne. Masanja alikuja kila Jumapili na kibuyu cha maziwa, akakaa pembeni ya kitanda, mkaongea habari za ng'ombe, za mvua, za mpaka wa shamba. Kwa nini hukumwambia? Neno la kukataza ulilisema uwanjani, mama yako anasikia, ndugu yako anasikia. La kujirudi ukalisema korongoni, kwangu peke yangu. Ulinikosea mbele ya watu ukanitaka radhi kichakani, kisha ukafa. Nikiwa pale kwenye benchi niliona wazi kwamba nikirudi nitaulizwa shahidi, na sina.

Nimerudi Alhamisi. Nkwimba akanipokea begi. Viatu vyake vya shule vimeisha kisigino, na kabla sijanywa maji nikamjibu swali lake. "Ni kweli babu yako alikataza," nikamwambia. "Alikosea, na alijua alikosea." Tukaenda kwa Masanja pamoja.

Alikuwa amekaa kivulini anatengeneza kamba, mkewe anachambua mchele. "Shemeji, karibu. Za Ulaya?"

"Nzuri. Nimekuja kuchukua baiskeli."

"Ile si imetulia? Unajua kaka aliacha neno."

"Alilitengua." Nikamsimulia siku ya korongo, neno kwa neno, na kitenge nikakitaja.

Alisikiliza mpaka mwisho, simnyimi haki yake. Kisha akauliza: "Nani mwingine alisikia?"

"Mimi."

"Shemeji, nakuheshimu sana. Lakini mwenye shida akiwa shahidi wake mwenyewe, sisi tutasemaje? Ngoja Kulwa aje, tutakaa kikao."

Kikao. Wanaume wanne wakae kwenye vigoda kujadili kama ulisema au hukusema, na Nkwimba yuko njiani anakimbizana na kengele ya shule.  Mke wa Masanja akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa ghala, akautua mkononi mwangu, akarudi kwenye mchele wake bila kumtazama mtu.

Nikafungua. Nikaitoa baiskeli, nikaipangusa pumba kwa khanga. Nkwimba akanyoosha mikono aipokee, nikamwambia subiri. Nikafunga dera kiunoni, nikapanda mimi.

Nilianguka mara moja, karibu na zizi, na kiwiko kimechubuka mpaka leo. Nikainuka. Magoti nikayakunja, miguu sikuitazama, nikatazama mbele. Nikazunguka uwanja wa Masanja, majirani wamesimama kwenye ua, mtoto wa mtu anashangilia. Nilipopita mbele yake mara ya pili Masanja akanyanyuka.

"Mama Kulwa, nani amekuruhusu?"

Jina lako lilikuwa tayari mdomoni. Maisha yangu yote nikiulizwa nani, nimejibu wewe. Nililimeza.

"Sijaomba," nikamwambia, nikatoka getini.

Nkwimba ameenda shule leo akiwa amepanda, na kabla ya kuondoka aliniomba nikague matairi kana kwamba mimi ndiye fundi. Ukiona hayo yanakuudhi, vumilia kidogo. Mimi nilivumilia zaidi. Lile neno la korongoni sitalipeleka kwenye kikao chochote. Uliniambia mimi, na nimeamua ni langu. Siku nikikumbuka jinsi ulivyolisema, hasira inapungua kidogo, kisha napanda baiskeli inarudi.

Pumzika, mume wangu. Nikija huko, usije ukanipokea kwa keria.

Mimi mkeo,
Kabula, Mama Kulwa