Sola, jokofu la Somoe na mkorosho wa dada

Jumamosi. Mvua imekatika alfajiri, lakini wingu bado limekaa juu ya kijiji chetu, Mkotokuyana.

Kosa la wengi huku kwetu ni kununua sola msimu wa korosho. Hela ipo, jua la Oktoba linachoma, taa zinawaka mpaka asubuhi, kila mtu anasifu. Mvua zikianza, betri inazima mapema na lawama anapewa fundi. Mimi nimeamua kuipima sola sasa kabla sijainunua, jua likiwa linajificha. Mchumba huchunguzwa siku ya njaa, si siku ya karamu.

Taa si shida yangu kubwa. Ninachotaka ni jokofu dogo la kuhifadhia insulini ya mke wangu, Somoe. Nguzo za umeme hazijafika kitongojini, na dawa yake inakaa ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi. Chungu kinapoza, ila siku za joto kali sikiamini. Juzijuzi alijidunga kipimo kilekile cha kila siku, na sukari haikushuka.

Naogopa kuliko ninavyomwonyesha.

Wiki hii nimekuwa nikilitazama bati letu. Asubuhi liko wazi. Baada ya adhuhuri mkorosho wa upande wa magharibi unaanza kulifunika, na alasiri nusu nzima ni kivuli. Watu hudhani kivuli kidogo hupunguza umeme kidogo. Sivyo. Paneli ni kama mpira wa kumwagilia: ukiukanyaga mahali pamoja, maji yanapungua kote.

Kiwanja ni changu, lakini mkorosho ni wa mdogo wangu Zuhura. Mama alimgawia yeye, na huku mti una mwenyewe hata ukisimama mlangoni kwa mtu mwingine. Jana nilimwita nikamweleza kwa kirefu.

"Kaka, somo limekwisha?"

"Limekwisha. Naomba tuukate."

"Mti huu ndio unaonisomeshea mjukuu. Kata bati lako."

Somoe alicheka mpaka akakaa chini. "Basi wifi, nitunzie hicho kivuli. Nitalala hapo na sukari yangu."

Zuhura hakucheka. Aliuzunguka mti taratibu, akanyoosha kidole. "Tawi hili, na lile. Shina msiliguse."

Leo tumeyakata. Jua lilipochungulia alasiri, kivuli kiligusa pembe ya chini tu. Paneli zitakaa sehemu ya juu ya bati, zikitazama kaskazini.

Kwa hiyo kama ninunue sola, jibu langu ni ndiyo, lakini ndiyo yenye mipaka: jokofu na taa mbili, na betri ya kuvumilia siku za mawingu mfululizo. Televisheni wanayoililia wajukuu itasubiri. Mpaka fundi afunge, nitaendelea kuumwagia maji mchanga wa chungu.

Nawe unayewaza sola, leo alasiri toka nje, utazame bati lako, uone kivuli cha nani kimelala juu yake.