Rwamba Hakuwa Chui

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya huu mtaa wetu wa Kaaga imeingia mpaka kwa magoti.

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili na ndugu zangu wote. Boma la baba kule Kiambere liko chini ya maji ya bwawa, mimi niko hapa na meno manne. Shule niliacha darasa la tatu, lakini hii shajara naiandika mwenyewe kwa simu, kwa kidole kimoja. Wazee wa rika langu hapa mtaani hawawezi.

Leo nimechoka. Si kwa kazi. Nimechoshwa na uongo wangu.

Mjukuu wangu Makena, wa Gredi ya Nne, alipewa kazi ya nyumbani: aeleze mchezo wa kwao, jina lake lina maana gani na lilitoka wapi. Kesho ataisoma mbele ya wazazi. Akachagua Rwamba. Ni ule wa kuchora vyumba chini, unarusha kijiwe, unaruka kwa mguu mmoja bila kukanyaga mstari. Mimi ndiye niliuleta hapa. Nilifundisha watoto wangu, nao wakafundisha mtaa mzima.

Basi jana nikamwambia vile nimeambia watu miaka yote: Rwamba alikuwa chui. Aliniuma mguu nikiwa mdogo kama yeye, nikamfukuza kwa ule mguu mwingine mpaka mtoni.

Mama yake alikuwa anamenya viazi. "Baba, juzi huyo chui si alikuwa fisi?"

Makena akaandika. Leo mchana akarudi na daftari. "Guka, darasani kwetu kuna msichana anaitwa Rwamba. Chui alipewaje jina la mtu?"

"Wewe andika tu."

Akaenda. Nikabaki na chai yangu, ikapoa.

Rwamba alikuwa dada yangu.

Mwiba ulimchoma kisigino, mguu ukavimba, na msimu mzima wa mvua alikuwa akienda kuchunga mbuzi kwa mguu mmoja, anaruka jiwe hadi jiwe. Mimi nikawa namfuata nyuma nikimwiga. Watoto wengine wakajipanga nyuma yangu, wakiruka na kuimba jina lake. Jina la mchezo lilitoka hapo. Kwa kejeli yangu.

Hakulia. Alichukua kijiti akachora vyumba mchangani. "Haya, nyinyi mnaojua kuchechemea, kujeni." Akatushinda wote. Sisi tulikuwa tunaigiza, yeye alikuwa na mazoezi.

Siku ya harusi yangu akawasimulia wageni hayo yote, wakacheka mpaka wapishi wakasahau sufuria. Sikumsamehe.

Kwetu Mbeere majina ya watoto yana foleni: kwanza wazazi wa baba na wa mama, halafu ndugu. Binti yangu wa tatu alikuwa apewe jina la Rwamba, kila mtu alijua. Nikampa jina la dada ya mke wangu. Rwamba alikuja kumwona mtoto, akauliza anaitwa nani, akaambiwa. Akaacha kiondo cha ndengu mlangoni, akaenda zake.

Yeye hakuzaa. Alikufa bila hata mtoto mmoja wa kubeba jina lake katika nyumba yetu.

Wanalibeba watoto wa Kaaga, kila jioni, wakidhani ni mnyama.

Saa kumi nikamwita Makena, nikamwambia yote, hata ya harusi. Alikasirika. "Guka! Na chui nimeshamchora na kumpaka rangi!" Akafuta mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Chui akaisha, akabaki mkia. Akachora msichana hapo hapo juu ya mkia.

"Anaruka kwa mguu gani?"

Sikukumbuka. Mimi niliyemwiga msimu mzima. Ikabidi nipige simu.

Kwa hivyo asiyeniamini amwulize Mzee Njeru wa Kiambere, rika langu, tumebaki wawili tu. Siku ile alikuwa wa kwanza nyuma yangu kwenye mstari. Atakwambia mwiba ulikuwa mguu wa kulia, na Rwamba aliruka kwa wa kushoto. Alinijibu hivyo bila hata kufikiri. Atakwambia pia kwamba yeye aliruka kunishinda mimi, na hapo anadanganya.

Lakini mwulize ni nani alitushinda sisi wote.