Nukta Nyekundu za Daktari wa Kichina

Jumamosi, 3 Oktoba 1998
Wagonjwa watatu leo, wote wametoka wima. Mtaa mzima wa Khuwair ya Kusini hakuna mkono kama wangu. Shule niliikimbia, lakini Bombay nimefika, Dubai nimefika, na yule daktari wa Kichina niliyemfagilia chumba Unguja kaniachia mimi daftari lake, si wale wenye vyeti. Kulisoma siwezi hata herufi moja. Picha zatosha: mtu kasimama, nukta nyeusi, nukta nyekundu, pa kuchoma sindano. Nyekundu ndizo kali, ndizo dawa khasa.
Alasiri kaja Zuwena, binti wa marehemu kaka yangu. Mimba ya miezi saba, mgongo wamuuma. Nimemchoma sindano juu ya vifundo vya miguu, nyekundu mbili. "Ami, mkono wako mwepesi!" Najijua.

Jumapili, 4 Oktoba
Nimempelekea daftari mpishi wa mkahawa wa Kichina anisomee, nipate la kujitapia. Kufika picha ya miguu, kaacha kucheka. Kiarabu chake cha kubabaisha: "Nyekundu, mwanamke ana mimba, sindano hapana! Mtoto anatoka."
Nimekaa garini. Miaka sita Zuwena kaingoja mimba hii.

Jumatatu, 5 Oktoba
Tumbo limemkaza tangu alfajiri. Mumewe kamkimbiza hospitali. Sikwenda. Naogopa. Mimi niliyewatania askari wa mipaka mitatu, namwogopa binti niliyempakata mwenyewe angali mchanga.
Simu ikilia naruka.

Jumanne, 6 Oktoba
Wamemlaza. Anayejua maana ya nukta zile ni mpishi na mimi tu. Ningeweza kunyamaza. Lakini wanamtibu bila ya kujua nilichomfanya. Hilo ndilo lililoniinua. Nimemwambia daktari, mbele ya Zuwena, na daftari mkononi. Daktari kanitazama kama mende. Zuwena kageukia ukutani. Bora angenitukana.

Jumatano, 7 Oktoba
Bado tumbo lamkaza. Nimeswali nikasahau rakaa. Nimeanza upya. Nimesahau tena.

Ijumaa, 9 Oktoba
Tumbo limetulia. Jana wamemruhusu. Kaniita kwake, Azaiba. Nimekwenda na kopo la sindano, nikamkabidhi. Kaliweka juu ya kabati, kisha kaushika mkono wangu, kauweka tumboni. Teke.
"Huyu ashakusamehe, ami. Mimi bado."
Nimesema sawa. Kanimiminia chai. Nimekunywa. Sikujisifu kwa lolote.