Kidonge Kisicho na Fungu la Kulwa

Mama yangu, mayu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa pale mlangoni, jua la asubuhi linakupiga miguuni, na magoti hayakusumbui sana. Mimi nipo. Kazi ya karasha inaendelea, mashine inasaga mawe ya dhahabu mchana kutwa na vumbi lake tunalila na ugali. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unasema "mi mzima, baba", halafu unaniuliza nimekula nini, na maongezi yanaishia kwenye chakula. Doto atakusomea. Doto, pacha wangu, usiruke hata mstari.

Mzigo ulionitumia niliupokea kwa kondakta wa basi, stendi ya Geita. Michembe, viazi vyako vya kukausha, niliila siku ile ile, nimekaa kitandani peke yangu, maana Juma niliyekuwa napanga naye chumba amekimbilia rashi, machimbo mapya huko Bukombe, aliposikia dhahabu imetoka. Nikipika bado napikia watu wawili, kisha nabaki kuangalia sufuria. Hapa wananiita "Shinyanga". Tangu nitoke nyumbani hakuna aliyeniita Kulwa, na jina lenyewe unalijua, halikai vizuri bila la Doto. Upweke wa huku, mayu, sikufichi, unauma.

Chini ya michembe nikakuta kipande cha khanga yako kimefungwa fundo. Ndani, vidonge vyako vya presha! Umekata pakiti kwa mkasi, nusu yako, nusu yangu. Nilicheka, halafu nikalia. Nilikuambia tu kwamba nimepimwa presha ikaonekana iko juu, nawe ukafanya kama ulivyotulea: kiazi kikimegwa, hiki cha Kulwa, hiki cha Doto, na akichapwa mmoja, mwingine naye anapata kofi lake. Safari hii Doto hana presha, ukajimega mwenyewe.

Nikavipeleka zahanati. Nesi, mama mmoja mpole wa Kisumbwa, akavigeuzageuza mkononi.

"Hiki kimoja kina dawa kadhaa ndani yake," akasema. "Ya kushusha presha, na ya mafuta kwenye damu, ili moyo usichoke na kiharusi kisimpate mtu. Mama yako alipimwa ndipo akapewa. Na wewe utapimwa tena, upewe cha kwako." Kisha akanitazama. "Sasa yeye huko anameza nini?"

Nikampigia Doto pale pale kwenye benchi, nikakusikia nyuma yake ukijitetea: "Leo nameza mimi, kesho ya Kulwa!" Kumbe ulikuwa unaruka siku ili mimi nipate. Nesi akatikisa kichwa. Akasema kidonge hicho ni cha kila siku, hata siku unayojisikia mzima kabisa.

Mayu, naogopa. Baba naye alijisikia mzima. Asubuhi ile alitoka kwenda majarubani kwenye mpunga anaimba, na mchana tukamkuta kwenye tope, mdomo umepinda, ananiangalia na hawezi kunitaja jina. Kila simu ya nyumbani ikiita, moyo unanipasuka kabla sijapokea. Nikikupoteza wewe, nitakuwa narudi nyumbani Ngokolo kufanya nini?

Vidonge vyako vyote anavirudisha kondakta yule yule, pamoja na barua hii. Sijameza hata kimoja. Mimi nimeshapimwa na nimepewa vyangu, nameza asubuhi kabla ya kwenda karasha. Nikishika kikombe cha maji najiambia na mayu sasa hivi ameshika chake. Ulitaka tugawane, basi tugawane hiyo asubuhi. Ila khanga sirudishi, naiweka chini ya kichwa nikilala.

Nisalimie mjomba akipita na mchele wake kutoka Kahama, mwambie chumvi apunguze. Shemeji, mume wa Doto, nampa pole na maneno ya mkewe. Mjukuu wako mbusu shavuni. Mama Shija jirani naye msalimie, lakini usimpe hata kipande cha kidonge, nakujua.

Doto, hapa msomee polepole.

Mayu, kesho si ya Kulwa. Kesho nayo ni yako.

Mwanao,
Kulwa