Miji Uliyoijenga Bila Kuiona

Baba Zuhura, mume wangu,

Tangu asubuhi mvua haijatupa nafasi ya kutoka hapa mtaani Bwiza, nikawasha kompyuta yako. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hakuna mwingine anayeujua mchezo ule.

Unakumbuka nilivyouchukia? Ulikuwa ukirudi kutoka gereji, unanawa mikono, unakaa kujenga miji ya watu wasiokuwepo. Zamu yako, zamu ya kompyuta, zamu yako tena. Nikuulize kama miji hiyo itatuletea unga, unacheka tu.

Halafu ugonjwa wa sukari ukala macho yako. Gereji ukaiacha. Ukawa unakaa mbele ya kioo cha kompyuta usichokiona, mkono juu ya kipanya. Siku moja nilishindwa kukutazama zaidi, nikavuta kiti.

"Niambie unaona nini," ukasema.

"Mto. Vilima. Watu wetu wamesimama tu."

"Jenga hapo kwa mto. Usitembee-tembee, zamu zinapotea."

Ndivyo ulivyonifundisha. Miji mingi mapema, kabla majirani hawajamaliza ardhi nzuri. Ghala kwanza, majumba ya fahari baadaye, maana wenye njaa hawaongezeki, na kila anayeongezeka ni alama. Nilipotaka kumvamia jirani aliyetutisha, ukanikataza: "Apana, Mama Zuhura. Vita inakula zamu. Ye umuuzie ngano, we jenga mashule."

Nilikusomea ramani, ukaibeba yote kichwani. Tulizungumza siku zile kuliko miaka yote ya ndoa yetu.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa haujaisha walipokulaza hospitali. Mchana nacheza, jioni nakuletea uji na habari za miji. Unasikiliza, unafikiri, unanipa amri za kesho. Hata wagonjwa wa vitanda vya jirani walianza kuuliza kama bandari imekamilika.

Jioni niliyokuletea hesabu ya mwisho, ilikuwa alama ambazo hukuwahi kuzifikia ulipokuwa na macho mazima. Ukaniomba niirudie.

"Na miji yote iko?"

"Yote. Hatukupoteza hata mmoja."

Ukageukia ukuta.

"Mi ningependa kuiona," ukasema.

Wiki ile haikuisha ukiwa hai.

Sasa nacheza peke yangu. Zuhura alichungulia juzi, akaona orodha ya alama, akasema, "Mama, umemupita papa." Nilizima kompyuta, nikaenda kuchagua maharage. Kukupita hakuna ladha.

Alama zikishatolewa, mchezo unauliza kama unataka kuendelea, ingawa hakuna kitakachohesabiwa tena. Wewe ulikuwa unafunga papo hapo. Mimi huendelea. Watu wanazaliwa, mashamba yanaiva, hakuna anayetuhesabia chochote, nami nabonyeza zamu baada ya zamu mpaka umeme ukatike.

Mungu akupanulie kaburi, mume wangu, alitie na nuru.

Mkeo,
Mama Zuhura