Yule Mwekundu wa Mahari Yako

Ndandalo, Kyela

Dada yangu mpendwa Rut,

Ugonile, dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wanao. Sisi huku tunalala na kuamka, na kwa hilo tunashukuru. Mama anakohoa kwa sababu ya mvua hizi, lakini nguvu za kugombana na kuku bado anazo. Mke wangu Lucy anakusalimu sana. Barua nimempa Brenda, yule mama wa vyungu anayepita kwenu Njisi siku za gulio, maana kila nikipiga simu yako anapokea shemeji na kuniambia umelala. Hata saa nne asubuhi umelala.

Nimechoka, dada. Sijui ni msiba wa baba au ni hii kazi ya bucha. Watu wetu hawauzi ng'ombe mpaka azeeke kabisa, halafu mteja akishindwa kutafuna anarudi kwangu na sufuria mkononi, utadhani huyo ng'ombe nilimzaa mimi. Nimeeleza mpaka mate yamenikauka: nyama ya ng'ombe kijana ni nyekundu ya kung'aa, mafuta yake meupe, inaiva upesi; ya mzee imekoza rangi, mafuta ni ya njano, na inamaliza kuni za jirani. Wakishanisikiliza wananiambia niongeze kipande.

Sasa nikupe habari za kumaliza matanga ya baba, ambako shemeji hakukuruhusu kuja. Baba mdogo Ambilikile alifika, na kabla hata ya kunywa maji akasema ng'ombe wa kuchinjwa ni yule mwekundu mwenye baka jeupe pajani. Unamjua. Ndiye wa mwisho kati ya ng'ombe wa mahari yako. Wengine, kama unavyojua, walikwenda kwa akina Lucy nilipooa. Baba mdogo alisema marehemu alimpenda, na kwamba ng'ombe amezeeka, anatunzwa ili iweje. Wazee wote wakaitikia.

Nikasema hapana. Nilimfunga kamba, nikampanua mdomo mbele yao na kuwaonyesha meno yalivyolika mpaka karibu na fizi. Niliwaambia huyu atachemka tangu asubuhi mpaka jioni na wageni bado watakuwa wanavutana naye, kisha wakwe wataondoka wakisema tumewalisha soli za viatu. Baba mdogo mwenyewe meno yake ni ya kutafuta, basi akaogopa. Nikalitoa dume langu, lile nililokuwa nalilea kwa ajili ya kulima mpunga. Lilikuwa ndiyo kwanza limeota meno mawili makubwa. Lucy hakunisemesha siku nzima.

Nyama iliiva kabla ya wali, na watu wakasifu sana. Baba mdogo tu ndiye aliyelalamika kwamba ni laini lakini haina ladha, kama kutafuna maji. Hata hivyo aliongezwa, na akaongezwa tena.

Alisema kweli, dada, na hapo ndipo nimekuwa nikizunguka tangu mwanzo wa barua. Niliwadanganya wazee. Nyama ya ng'ombe mzee ni ngumu, ndiyo, lakini ukiikata ndogo ndogo, ukaifunika na kuiachia moto mdogo, inatoa mchuzi ambao dume kijana haliwezi kuutoa. Nimewapikia watu hivyo kwenye misiba mingi na hakuna aliyerudisha sahani. Mwekundu angefaa kabisa. Sikumkataa kwa sababu ya meno.

Nilimkataa kwa sababu ya sweta lako. Siku tuliyomzika baba joto lilikuwa kali, hata mchungaji alivua koti, na wewe ulishinda ndani ya sweta la mikono mirefu. Ulipoinama kutupa udongo kaburini, mkono wa sweta ukapanda. Niliona. Mama naye aliona. Tulinyamaza wote wawili, ukapanda bodaboda ukarudi kwa shemeji, na tangu siku ile najichukia kwa ule ukimya.

Unajua mambo yetu. Ukirudi nyumbani, shemeji atadai ng'ombe wake, na wazee watauliza watatoka wapi, kisha watakwambia uvumilie. Kama tungemla mwekundu, tungekuwa tumeila njia yako ya kurudi, na mimi ningekuwa nimeigawa kwa shoka langu mwenyewe. Yupo zizini, dada, na ana mimba tena. Waliobaki nitawatafuta. Lucy nilipomweleza alilia, akasema ng'ombe walioletwa kwao ni wako pia, ataongea na baba yake. Sasa tunasemeshana vizuri.

Sikulazimishi. Lakini ukitaka, gulio lijalo ondoka na Brenda akishauza vyungu vyake, uje na watoto, usibebe kitu kingine. Anayedai ng'ombe aje aniulize mimi.

Wasalimie wajomba zangu wadogo. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa. Ukimaliza, karatasi hii iwashie jiko. Mama anakusalimu na anasema lile gauni lako la mikono mifupi amelifua na kulipiga pasi.

Mdogo wako,
Lazaro